Jinsi ya Kuulinda Mwili Usiumie: Mwongozo Kamili wa Tabia za Kila Siku

Muulize mtu aliyekamatwa na mgongo alikuwa anafanya nini, na mara nyingi atakujibu kwamba aliinama tu kuokota kalamu, au kufunga kamba za viatu. Lawama zote zinaiangukia kalamu. Lakini kalamu haina uzito wa kumuumiza mtu. Kabla ya kuinama kule kulikuwa na saa nyingi za kukaa kwa kujikunja, siku kadhaa za kubeba vitu kwa pupa, usingizi wa mang'amung'amu, na maumivu madogo yaliyopuuzwa. Kuinama kulimalizia tu kazi iliyokwisha kuanza.

Ndivyo yanavyokuja majeraha mengi ya misuli na viungo. Ajali za ghafla zipo, na nitazigusia, lakini sehemu kubwa ya kuumia inatokana na mzigo na mapumziko kutolingana: mwili umepewa kazi kuliko ile uliyoizoea, na haujapata muda wa kujijenga. Hiyo ndiyo kanuni ninayotaka uondoke nayo. Hatua zilizo hapa chini ni namna mbalimbali za kuitumia, tangu unapofungua macho asubuhi.

Hatua ya 1: Jichunguze kwanza

Usianze kwa kununua kiti kipya wala mkanda wa mgongo. Anza kwa kujiangalia. Kwa siku chache zingatia unakaa muda gani bila kuinuka, mkoba unaning'inia bega lipi siku zote, unainama mara ngapi kwa siku na unainamia nini. Zingatia pia maumivu yanakuja saa ngapi. Shingo inayouma jioni baada ya kazi ya mezani ina sababu tofauti na kiuno kinachouma asubuhi ukiamka. Vidole vinavyokufa ganzi usiku vinaweza kuwa dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono, na hilo ukiliwahi hutibika kwa urahisi zaidi kuliko ukilivumilia miaka.

Andika unachokiona. Kumbukumbu hudanganya, hasa kwa mambo tunayoyafanya bila kufikiri.

Hatua ya 2: Asubuhi, upe mgongo nafasi ya kuamka

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski, yaani vipande vya tishu laini katikati na ngumu pembeni, vinavyopokea mshindo wa kila hatua unayopiga. Mchana uzito wa mwili unazikamua maji. Usiku ukiwa umelala zinayafyonza tena. Ndiyo maana mtu mzima huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni, kwa takriban sentimita 1 hadi 2. Diski iliyojaa maji ni ngumu, na ukijikunja wakati huo inabanwa zaidi kuliko ukijikunja saa sita mchana.

Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa watu wenye maumivu sugu ya kiuno waliofundishwa kuepuka kuinama saa za mwanzo za asubuhi. Maumivu yao yalipungua. Ni tabia isiyogharimu kitu, na mimi naiweka mbele ya mazoezi mengi yanayosifiwa.

Basi ukiamka, usijivute kuketi moja kwa moja kutoka chali. Geuka ulalie ubavu, teremsha miguu ukingoni mwa kitanda, kisha jisukume kwa mkono mpaka uketi. Kaa kidogo, ndipo usimame. Kwa nusu saa ya kwanza tembea, oga, fanya shughuli zako ukiwa wima. Viatu vifunge ukiwa umeketi na mguu umepandishwa kwenye goti la pili. Yale mazoezi ya kuinama kugusa vidole vya miguu yaache mpaka baadaye.

Hatua ya 3: Jifunze kunyanyua vitu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumia na ndipo ushauri unaotolewa una mapengo mengi.

Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, ina kanuni ya kukokotoa uzito wa kunyanyua, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1991. Inaanzia kilo 23. Wengi wakisikia hivyo hudhani kilo 23 ni salama wakati wowote. Siyo. Hicho ni kiwango cha mazingira mazuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, uko kwenye kimo cha mikono ikiwa imening'inia, una mahali pazuri pa kushika, hugeuki kiunoni, na hurudii mara nyingi. Kila sharti linalovunjwa linakishusha kiwango.

Umbali ndio unaokishusha kwa kasi. Kilo 23 zinahesabiwa mikono ikiwa sentimita 25 mbele ya usawa wa vifundo vya miguu. Ukiupeleka mzigo mbele mpaka sentimita 50, kiwango kinashuka nusu nzima, kuwa kilo 11.5. Sasa fikiria ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hapo una kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Ukiishika ikiwa imekugusa paja, uko chini ya kiwango. Ukijinyoosha kuichukua ng'ambo ya beseni, umekipita kwa mbali, ingawa ndoo ni ileile.

Fanya hivi. Sogea karibu mpaka nyayo zako ziwe pembeni mwa mzigo, miguu imepanuka kwa upana wa mabega, mmoja umetangulia kidogo. Kabla hujaunyanyua, uinamishe upande mmoja ili uonje uzito wake. Mzigo usioujua uzito wake ni hatari, kwa kuwa misuli inashtukizwa ikiwa haijajipanga. Shuka kwa kukunja nyonga na magoti pamoja, makalio yakirudi nyuma. Shika kwa viganja, si kwa ncha za vidole. Uvute mzigo ukuguse kwanza, ndipo uinuke. Kaza tumbo kama mtu anayejua anakuja kusukumwa, kisha panda kwa mwendo mmoja usio wa kushtua, huku ukitoa pumzi.

Ukishasimama, usizungushe kiuno kwenda pembeni. Geuza miguu. Kujipinda huku umebeba na umeinama ndiko kunakouumiza mgongo vibaya, na hutokea zaidi mwishoni, pale mtu anapoutupia mzigo pembeni kwa sababu amechoka. Kuteremsha kunahitaji uangalifu uleule wa kupandisha.

Umesikia mara nyingi kwamba mgongo usipinde hata kidogo, ni lazima unyanyue kwa miguu. Sikubaliani na ukali huo. Mgongo umeumbwa upinde, na mtu anayeogopa kuupinda siku zote huishia kuwa na mgongo mgumu na woga mwingi. Kuokota kitu chepesi kwa kuinama si kosa. Kwa mzigo mzito, kinacholeta tofauti ni ukaribu wake na mwili, kasi unayotumia, na kama umeuzoea uzito huo. Mtu anayebeba magunia kila siku kwa miaka amejengeka. Mtu wa ofisini anayehama nyumba mara moja kwa mwaka hajajengeka, na siku ya kuhama hujaribu kubeba kabati kana kwamba misuli imejengeka usiku ule.

Na ukiweza kugawa, gawa. Safari mbili za kilo 10 ni bora kuliko moja ya kilo 20, na mizigo miwili iliyolingana mikononi ni bora kuliko mmoja wa upande mmoja.

Hatua ya 4: Badilisha mkao, usitafute mkao kamili

Kiti kizuri kinasaidia, lakini hakuna mkao unaofaa kwa saa 4 mfululizo. Nyayo zitue sakafuni, viwiko vikunjwe karibu nyuzi 90, ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho, na kila baada ya kama nusu saa inuka, hata kwa dakika moja. Nenda kachukue maji. Pokea simu ukiwa umesimama. Kazi ya mezani haiharibiki kwa dakika moja.

Simu ya mkononi nayo iinue ije usoni, badala ya wewe kuiinamia. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, na kikielekea mbele, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokishikilia muda wote huo. Macho pia yana haki yake: kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20, na ukumbuke kupepesa, kwa sababu mbele ya skrini tunapepesa kidogo na macho hukauka.

Hatua ya 5: Jenga nguvu na usawa

Kuanzia miaka ya 30 misuli huanza kupungua kidogo kidogo kila muongo kwa mtu asiyeitumia. Hutaliona mpaka siku utakapojikwaa na mguu ukashindwa kukuokoa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Wenye umri wa miaka 65 na kuendelea wanashauriwa kuongeza mazoezi yanayohusisha usawa na nguvu, angalau siku 3 kwa wiki.

Huhitaji vifaa. Mazoezi manne yanatosha kuanzia: kuketi na kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu, kusukuma ukuta, na ukizoea, kusukuma meza, kisha sakafu, kulala chali magoti yakiwa yamekunjwa na kuinua nyonga, na kusimama kwa vidole vya miguu, kisha kushusha visigino polepole. Rudia kila moja mara 8 hadi 12, pumzika, rudia tena. Marudio 2 ya mwisho yakiwa rahisi mno, ongeza ugumu.

Zoezi la usawa lifungamanishe na jambo unalolifanya kila siku, mathalani kupiga mswaki. Simama kwa mguu mmoja, goti likiwa limelegea kidogo, si kukakamaa. Utaona kifundo kikicheza huku na huku, na vidole vikijaribu kung'ang'ania sakafu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe: misuli midogo ya kifundo na mishipa ya fahamu inajifunza kurekebishana haraka. Nusu ya muda simamia mguu wa kulia, nusu ya kushoto. Mkono mmoja uwe karibu na sinki. Wazee wasilijaribu bila kitu imara cha kushika.

Hatua ya 6: Ongeza kazi taratibu

Misuli ina damu nyingi, na hujengeka ndani ya wiki chache. Kano, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, zina damu kidogo, na huchukua miezi. Hapo ndipo anayeanza kukimbia anapokwama. Wiki chache zikipita anajisikia mwepesi, pumzi inatosha, miguu ina nguvu, anaongeza umbali. Misuli imekubali, kano ya kisigino bado. Maumivu yanayokuja baada ya hapo hayamaanishi kwamba mbio hazimfai. Yanamaanisha ameharakisha.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja: umbali, au kasi, au milima, si vyote wiki moja. Ukitoka kwenye ugonjwa au likizo ndefu, anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya, hata kama unajisikia unaweza zaidi. Kanuni hiihii inafaa kwa kulima, kupaka rangi ukuta, kubeba mtoto mchanga kutwa, au kucheza mpira na vijana baada ya miaka ya kutocheza.

Kuhusu maumivu, tumia kipimo ambacho wataalamu wa mazoezi tiba hukitumia. Yape alama kutoka 0 hadi 10. Yakiwa ndani ya 3 wakati wa zoezi, na kesho yake asubuhi yamerudi yalivyokuwa, endelea. Yakipita hapo, au yakiamka nawe kesho yakiwa makali zaidi, punguza mzigo. Kupunguza si kuacha. Kuacha kabisa hukurudisha nyuma, na ukirejea unaanza ukiwa dhaifu kuliko mwanzo.

Hatua ya 7: Pasha mwili kabla ya kazi nzito

Kusimama na kuvuta msuli kwa sekunde 30 kabla ya mchezo ni desturi ya wengi, lakini peke yake haijaonyesha kinga kubwa. Kinachosaidia ni kupasha kwa mwendo. Mfano uliochunguzwa vizuri ni programu ya 11+ iliyoandaliwa chini ya FIFA, ambayo huchukua kama dakika 20: kukimbia polepole, mazoezi ya nguvu na usawa, kisha kukimbia kwa kasi na kubadili uelekeo. Utafiti uliofanyika Norway na kuchapishwa mwaka 2008, kwa wasichana wachezaji wa miaka 13 hadi 17, ulionyesha kwamba waliopasha kwa namna hiyo walipata majeraha pungufu kwa karibu theluthi moja, na yale makubwa yalipungua kwa karibu nusu.

Kama huchezi mpira, chukua wazo lake. Kabla ya kulima, kuhamisha vitu au kukimbia, tumia dakika 5 hadi 10 kutembea kwa haraka, kuzungusha mabega, kuchuchumaa mara kadhaa na kuiga kazi yenyewe bila mzigo.

Hatua ya 8: Lala

Mwili hujikarabati ukiwa umelala. Watu wazima wengi wanahitaji saa 7 au zaidi. Utafiti wa mwaka 2014 kwa wanamichezo vijana ulikuta kwamba waliolala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 kuliko waliolala zaidi. Mtu mwenye usingizi pia hukanyaga vibaya, hukata kidole, na hukosea kukadiria ngazi. Siku uliyolala vibaya, iahirishe kazi ya juu ya paa.

Hatua ya 9: Ondoa mitego nyumbani na kazini

Kuanguka huua watu takriban 684,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na wengi wao ni wazee. Yanayosaidia ni mambo madogo: taa karibu na kitanda, nyaya zisikatize njia, zulia lisiteleze, chuma cha kushika bafuni, maji yaliyomwagika yafutwe saa ileile.

Ngazi ya kuegemeza isimamishwe kwa uwiano wa 1 kwa 4: kwa kila mita 4 za urefu mpaka inapoegemea, kitako kikae mita 1 kutoka ukutani. Ukipanda, viungo vitatu viishike ngazi wakati wote, yaani miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja. Ukiona unalazimika kujinyoosha pembeni, shuka uisogeze. Najua inachosha, lakini shuka.

Kisu kinolewe, kwa sababu kisu butu hulazimisha nguvu na nguvu huteleza. Ukikata chuma au kupigilia zege, vaa miwani ya kukinga macho, hata kama kazi ni ya nusu dakika. Kelele za desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku zinaweza kuharibu masikio, na kwa kipimo cha NIOSH kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda salama kwa nusu. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, vaa vizibo vya masikio.

Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi lakini si barafu, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Hatua ya 10: Ukiumia, fanya haya mapema

Kwa mteguko wa kawaida, punguza kazi ya kiungo kwa siku 1 au 2, kifunge kwa bendeji isiyobana damu, na ukiinue juu ya usawa wa moyo unapopumzika. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika 10 hadi 20, hutuliza maumivu. Lakini usiitegemee kuponya: Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza ushauri wa mapumziko na barafu mwaka 1978, baadaye aliandika mwenyewe kwamba barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha kupona. Usikande kwa nguvu siku za mwanzo. Maumivu yakiruhusu, anza kukisogeza kiungo polepole, kwa sababu mwendo wa kadiri huchangia kupona.

Kwa kifundo cha mguu, jaribu kupiga hatua 4. Ukishindwa, au ukiona mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa kwenye nundu za pembeni za kifundo, kapigwe eksirei.

Kwa mgongo, nenda hospitali mara moja ukipata ganzi katikati ya mapaja au sehemu za siri, ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, miguu ikiishiwa nguvu, au maumivu yakiambatana na homa. Hayo hayasubiri kesho.

Na kabla ya kurudi kwenye mchezo au kazi nzito, jipime. Simama kwa mguu ulioumia kwa muda uleule unaoweza kusimama kwa mguu mzima. Panda kwa vidole vyake mara nyingi kama upande wa pili. Kisha rukaruka kwa mguu huo mmoja. Ukiona unasita kuutumia, au unatua kwa uzito zaidi kuliko upande wa pili, bado haujawa tayari, hata kama uvimbe umeisha na maumivu yamekwenda. Kifundo kilichoteguka mara moja ndicho kilicho karibu zaidi kuteguka tena, kwa hiyo endelea na zoezi la kusimama kwa mguu mmoja kwa miezi kadhaa baada ya kupona.